Kitabu na Chungu

Jioni hii nataka kunena nanyi juu ya swali moja: je, mwenye kutafuta elimu ana haja ya kujua kupika?

Mwaka 1891 binti wa Polandi, Marya Skłodowska, alikwenda Paris kusoma katika chuo kikuu cha Sorbonne. Kwanza alikaa kwa dada yake. Huko chakula kilikuwa tayari, na jioni shemeji yake alipiga piano, wageni wakaja, mazungumzo yakawa marefu. Naye alitaka kimya. Basi akahamia chumba cha darini, penye baridi kali, karibu na chuo.

Huko alisoma mpaka usiku wa manane. Lakini kupika hakujua, wala hakutaka kutumia saa zake kujifunza. Siku nyingi alikula mkate na chai tu, hata siku moja akazimia. Shemeji yake, aliyekuwa daktari, akamchukua kwao, na dada yake akamlisha nyama mpaka nguvu zikamrudia.

Mwaka 1893 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa fizikia. Mwaka 1894 akawa anachunguza nguvu ya sumaku katika aina za feleji. Alipokaribia kuolewa na Pierre Curie, mwaka 1895, alikwenda kwa dada yake kufundishwa kupika. Ndiye Marie Curie, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1903 na tena 1911.

Wazazi, taa bila mafuta haiwaki. Kabla mwana wenu hajaenda shule ya mbali, awe wa kike au wa kiume, mfundisheni kuinjika chungu.