Mzizi umepimwa, wewe je?



Wiki iliyopita jirani yangu, mzee anayeugua kisukari kwa miaka mingi, alinionyesha kifuko cha unga wa njano alichonunua mjini. "Hii ni dawa ya Wachina," akaniambia. "Vile vidonge vya hospitali nimeviweka kando." Nilipomwuliza kama amepima sukari tangu aviweke kando, alicheka tu. Leo nataka kumjibu mzee huyo, maana najua hayuko peke yake.

Kwanza, simdharau. Muuzaji alimwambia kwamba unga ule unatokana na mzizi uitwao huanglian. Huo ni mzizi mchungu kama shubiri, hata Wachina wana msemo juu ya bubu aliyekula huanglian: uchungu anaujua, kuusema hawezi. Kwa karne nyingi wameutumia kutibu kuhara. Ndani yake mna dawa iitwayo berberini, ambayo huua baadhi ya bakteria. Mwaka 1988 madaktari wa China waliandika kwamba berberini ilishusha pia sukari ya wagonjwa wa kisukari.

Hapo kikazuka kitendawili. Katika berberini anayomeza mtu, isiyofika hata asilimia 1 ndiyo huingia katika damu. Dawa inayobaki tumboni itashushaje sukari iliyo kwenye damu? Watafiti wakageukia utumbo wenyewe. Humo mnaishi matrilioni ya bakteria, na si wote walio maadui. Wapo wanaosaga chakula tusichoweza kukisaga wenyewe, na wapo wanaoibadili nyongo inayotoka kwenye ini. Nyongo hiyo, ndugu zangu, haiyeyushi mafuta tu; hupeleka pia habari mwilini kuhusu matumizi ya sukari na mafuta.

Mwaka 2020 watafiti wa China walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 409 waliokuwa ndio kwanza wamegundulika na kisukari. Kwa wiki 12 baadhi yao walipewa berberini na wengine kidonge kisicho na dawa, bila wenyewe kujua nani kapewa kipi. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu kilishuka kwa karibu pointi 1 kwa waliomeza berberini, na kwa karibu pointi 0.6 kwa wale wa kidonge kitupu. Watafiti walieleza kwamba berberini iliwazuia bakteria fulani wasiibadili nyongo. Kwa hiyo mzee wangu hakuota ndoto. Lipo jambo la kweli.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mwaka 1993 madaktari wakatoa taarifa kwamba figo za baadhi yao zimekufa. Hatimaye walioathirika walizidi 100. Mmea uliokusudiwa ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana nao kwa Kichina, nao ulikuwa na sumu ya figo. Hakuna aliyekusudia kuua, walikosea mzizi.

Sasa turudi kwenye kifuko cha mzee. Hakina jina, hakina kipimo, hakina tarehe. Je, ni huanglian kweli? Unga wa njano ni mwingi duniani. Na hata kama ndio wenyewe, wale wagonjwa 409 walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari, na sukari yao ilipimwa. Aidha, berberini huweza kubadili utendaji wa dawa nyingine mwilini, na haiwafai wajawazito wala watoto wachanga.

Kisukari hakipigi hodi. Mtu huweza kujisikia mzima huku macho, figo na miguu vinaharibika. Na anayetegemea insulini akiiacha, huweza kupoteza maisha katika siku chache tu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mzee wangu, chukua kifuko chako na vidonge vyako, nenda navyo vyote kliniki, umwonyeshe daktari bila aibu, kisha upime sukari. Mimi nitakusindikiza.