Jogoo wa Ukonga

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Niliombwa niseme juu ya kazi na faida yake. Kwa kuwa nimekuwa mhasibu maisha yangu yote, bila shaka mlitegemea tarakimu. Mniwie radhi. Nitawazungumzia mchoraji mabango wa Ukonga, jirani na kituo cha Mombasa, kando ya barabara ambayo sisi wazee bado tunaiita ya Pugu.

Nilipostaafu, mimi na mama watoto tulifungua duka la chakula cha kuku. Nikamwendea fundi huyo anichoree jina la duka na jogoo. Karakana yake ni kivuli cha mwarobaini. Bati hulipiga msasa, hulipaka rangi ya chini, halafu hungoja likauke. Kisha hunyoosha uzi uliopakwa chaki, huuvuta na kuuachia, na mstari ukabaki. Herufi huziandika kwa mkono mtupu, pumzi ameibana. Akaniambia nirudi Jumamosi.

Jumamosi nikakuta jogoo amefutwa! Ati mkia haukukaa vizuri. Nikafoka. Nikamwambia hapo jirani ipo mashine inayochapa bango kwa saa moja, wala hakuna mnunuzi wa pumba atakayekagua mkia. Hakukasirika. Alijibu tu: "Mzee, wewe unalipia bango. Jogoo ni wangu."

Nikakaa kwenye benchi kumngoja. Alivuta unyoya mmoja mmoja, huku akipiga mluzi, akirudi nyuma hatua mbili kutazama, akicheka peke yake. Alikwisha sahau kwamba nipo.

Wazee mtamkumbuka Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga na kuwa mtumishi wa nyumbani hapa Dar es Salaam, kabla ya kuanza kuchora mwaka 1968. Alitumia vipande vya mbao za dari na rangi ya kupakia baiskeli, akauza picha zake nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Rangi ile haitaki pupa: ukipaka juu ya iliyo mbichi, zote zinachafuka. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora! Lakini jamaa zake aliowafundisha waliendelea, na hata leo uchoraji ule unaitwa kwa jina lake.

Sisemi furaha hiyo inalipa ada. Fundi wangu ana wiki asizopata hata bango moja, na mashine ile haichoki.

Ila nina deni. Mwanangu alipokuwa kidato cha pili nilichoma daftari lake la fizikia, kwa sababu kila ukurasa ulikuwa na michoro pembeni. Sasa ni mhasibu kama mimi, yuko Dodoma, na sijamwona akichora tena. Usiku ule wa Jumamosi nilimpigia simu, nikamweleza habari za jogoo, nikamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Baba, mkia ameupaka rangi gani?"

Ilinibidi nichukue tochi nitoke nje nikatazame.