Dawa ya Wadudu Ndani ya Nyumba

Leo tuongee juu ya dawa ya kupuliza. Mbu wanatusumbua hapa kando ya ziwa, na kunguni pia. Lakini dawa inayoua mdudu inaweza kuua mtoto vilevile.

Sokoni, usikubali dawa iliyomiminwa ndani ya chupa ya soda. Mara nyingi ni dawa ya shamba, kali sana. Na mtoto akiona chupa ya soda, si atakunywa? Dawa ikae katika kopo lake, juu, pahali mtoto hafiki.

Kabla ya kupuliza, toa watoto wote, na mgonjwa wa pumu. Funika maji, bugali na sombe. Zima moto wa makala na taa, maana dawa ya kopo inashika moto. Usipulize juu ya ndagala wala kitandani. Ukimaliza, toka, ufunge mlango. Baadaye fungua madirisha, hewa ipite vizuri, ndipo watoto warudi. Nawa mikono na sabuni.

Mtoto akinywa dawa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Ikimmwagikia, mvue nguo, mwoshe na maji na sabuni. Mkimbize hospitali na chupa ile ile mkononi. Usingoje mate yamtoke, mboni za macho ziwe ndogo, aheme kwa shida. Hapo sumu imekwisha kuingia mwilini.

Kwa malaria, chandarua chenye dawa kinamlinda mtoto usiku kucha. Basi kifunge kitandani, kisiende ziwani kuvua ndagala.