Ufa Usiozibwa

 

Mvua za masika zinapokwisha, watu wa Limuru, Kinangop, Nyahururu na Molo wanajua kinachofuata. Kuanzia Juni mpaka Agosti jua hujificha, ukungu hushuka, na katika sehemu hizo zilizo mita 2,000 na zaidi juu ya bahari, baridi ya usiku huingia mpaka mifupani. Leo tuzungumze juu ya kuitayarisha nyumba kabla ya siku hizo.

Nilipokuwa kijana nilipata kazi Molo, nikapanga chumba kimoja cha mbao. Upepo ulipita kana kwamba hapana ukuta. Jioni moja ya Julai nilipika uji mzito wa unga, nikabandika magazeti kwenye kila ufa, nikasukumiza gunia chini ya mlango. Kisha nikaingiza jiko la makaa. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Nikamshukuru Mungu kwa joto, nikajilaza.

Baada ya muda kichwa kikaanza kuuma. Nikadhani ni uchovu. Nikaona kichefuchefu, nikataka kuinuka, lakini miguu haikunitii. Wakati huo mama mmoja mzee, jirani yangu, akabisha hodi. Moto wake ulikuwa umezimika, naye alikuja kuniomba kaa la kuwashia. Sikuweza kumjibu. Akausukuma mlango, akaniona, akaita watu, wakanivuta nje kwenye baridi ile ile niliyoikimbia. Hewa ya nje ndiyo iliyoniokoa.

Ndugu msikilizaji, makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ndipo mtu hukosa hewa mwilini huku akipumua. Wengi hudhani hatari ni moshi, na moshi ukiisha jiko ni salama. Sivyo. Jiko jekundu lisilo na moshi laweza kuua watu waliolala, nao wasiamke kuomba msaada.

Wengine huweka beseni la maji kando ya jiko, wakiamini maji yatanyonya sumu. Maji hayawezi kazi hiyo. Majiko yenye udongo ndani, yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, yanapunguza matumizi ya makaa, na ni jambo jema. Lakini nayo hutoa hewa ile ile.

Basi tufanyeje? Tuanze mapema, mwezi wa Mei. Toa mablanketi yote, uyaanike wakati jua lingalipo. Weka makaa na kuni mahali pakavu. Kama nyumba yako ina bomba la moshi, lisafishwe masizi na viota vya ndege. Ziba nyufa zinazopitisha upepo kitandani, lakini tundu la hewa lililo juu ya dirisha usiliguse kamwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini ufa huo mmoja hauzibwi.

Jiko liwashwe nje. Likiwa ndani, dirisha liwe wazi, na watoto wasilikaribie. Kabla ya kulala, jiko litoke nje, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Lala na soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Na ukimkuta mtu amelegea penye jiko, fungua mlango, mtoe nje upesi, umpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu.

Katika Injili ya Yohana tunasoma juu ya usiku mmoja wa baridi, watumishi na walinzi walipowasha moto wa makaa. Petro akasimama pamoja nao akiota moto, na hapo hapo akamkana Bwana wake. Joto ni zawadi ya Mungu, lakini laweza kumsahaulisha mtu. Nikishapata blanketi na jiko langu, ni rahisi nisiulize kama yule mjane wa pili ana makaa, au kama vijana waliopanga chumba kile kidogo wanajua hatari ya kulala na jiko.

Mimi niko hai kwa sababu jirani alikuja kuomba moto. Alikuja akiwa na haja, naye ndiye aliyenipa uhai. Tangu siku hiyo sijamwona anayebisha hodi usiku kuwa msumbufu.

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, wiki hii fanya mambo mawili. Tazama tundu la hewa la nyumba yako kama li wazi. Kisha vuka ua, umtazame jirani mmoja, ukamwambie habari hizi ulizosikia. Kama ana upungufu wa blanketi nawe unalo la ziada, usingoje Julai.

Mungu azilinde nyumba zetu katika majira ya baridi, tulale salama na kuamka salama. Amina.