Robin Akikua: Wakala au Mbia?



Nimeombwa niongee kuhusu vijana na walezi wao. Nitaongea kupitia Batman. Msicheke, nisikilizeni kwanza.

Batman alianza kuchapishwa Marekani mwaka 1939. Mwaka uliofuata akaletewa msaidizi, Robin, jina lake Dick Grayson, mtoto wa wanasarakasi waliouawa na majambazi. Batman akamchukua, akamlea, akamfundisha kazi. Kwa zaidi ya miaka 40 Dick akabaki Robin. Mwaka 1984 akalivua jina hilo, akajiita Nightwing. Tayari alikuwa anaongoza kundi lake, Teen Titans. Hakuhamia kwa maadui. Alitaka tu ahesabiwe mtu mzima.

Sisi wa sheria tunatofautisha wakala na mbia. Wakala anatumwa, anarudi, anatoa taarifa. Wabia wanaamua pamoja; faida yao, na deni lao pia. Robin alikuwa wakala. Nightwing akirudi kumsaidia Batman anakuja kama mbia, na hapo ndipo ugomvi wao mwingi unapoanzia: mzee bado anatoa amri, anaficha mipango, halafu anashangaa kijana kanuna.

Mnacheka kwa sababu mnawajua watu wa namna hiyo, siyo?

Sasa njooni 2009. Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, akadhaniwa amekufa. Dick akavaa vazi lake na kufanya kazi na Robin mpya, Damian, mtoto wa Bruce wa kumzaa. Baadaye Bruce akarudi. Ungetegemea aseme, "Asante kijana, nirudishie vazi langu." Wapi! Dick akaendelea kuwa Batman wa Gotham, Bruce akaenda kujenga mtandao wa akina Batman wa nchi mbalimbali. Kwa muda huo wakawepo Batman wawili, kila mmoja na kazi yake, na Gotham haikukosa mlinzi.

Wazee wangu, kwa heshima zote: kijana uliyemtuma abandike mabango na kupanga viti akiwa na miaka 18, akifika 30 usimtume viti tena. Mwite kwenye kikao kabla uamuzi haujapitishwa, siyo baada.

Na sisi vijana tusijidanganye. Ubia una deni. Dick alipovaa lile vazi, lawama za Gotham zikawa zake. Kwa hiyo ukitaka kuamua, siku mambo yakiharibika usije ukasema, "Mimi nilitumwa tu."

Mwisho, kuna Damian. Humu ukumbini wapo wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, wanatuangalia. Jamani, wao leo tumewaita kwenye kikao, au tumewatuma viti?