Wasome Hapa, Wasome kwa Sauti



Mwaka 2006 Faustin Linyekula, aliyekulia hapa Kisangani, alitunga mchezo wa ngoma na maneno uitwao Dinozord. Sehemu ya maneno hayo iliandikwa na rafiki yake wa ujana, Antoine Vumilia Muhindo. Vumilia hakuwepo jukwaani. Alikuwa gerezani Makala, Kinshasa, amehukumiwa kifo katika kesi ya kuuawa kwa Rais Laurent-Désiré Kabila. Yeye alibaki ndani. Maandishi yake yakatoka, yakasemwa mbele ya watu Ulaya. Baada ya miaka akawa huru, akafika Sweden, na mchezo ulipotengenezwa upya akapanda jukwaani, akayasema mwenyewe.

Fikirini walioketi usiku ule. Maneno waliyoweza kuyasoma kwenye karatasi sasa yalikuwa na kifua kinachopumua, na mtu aliyekaribia kupotea. Hiyo ndiyo sababu nataka Kisangani iwe na jioni ya waandishi wenye jina, wanaosoma kazi zao kwa midomo yao.

Tuseme ukweli: kwetu kitabu hakipatikani. Riwaya ya Mkongomani mara nyingi huchapishwa Ulaya, na ikifika huku bei yake mwalimu hawezi kuilipa bila kupunguza chakula nyumbani. Kwa wengi wetu jioni moja ya kusikiliza ndiyo kitabu chenyewe. Kwa hiyo naona ni kosa kuifanya sherehe ya waalikwa, hotuba saa nzima, kisha mwandishi anapewa dakika kumi.

Waandishi tunao. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyeandika Tram 83 mwaka 2014, husoma akisindikizwa na saksafoni, na sauti yake inapanda na kushuka hadi hata asiyejua Kifaransa anakaa kusikiliza. In Koli Jean Bofane alizaliwa Mbandaka, kwenye mto huu huu unaopita mbele yetu. Hao wote wanaishi Ulaya, na huko ndiko wanakosikika zaidi. Dunia nayo imeujua mji wetu kwa kalamu za wageni: Conrad aliyefika hapa mwaka 1890, na Naipaul, ambaye riwaya yake ya 1979 haitaji hata jina la Kisangani. Sisi wenyewe tunasikika wapi?

Na wasome kwa lugha gani? Kifaransa, ndiyo, lakini kila ukurasa ufuatwe na Kiswahili na Lingala, zilizotayarishwa mapema na mtu anayezijua vizuri, wala si kutafsiriwa haraka haraka pembeni ya maikrofoni. Kiswahili si mgeni katika mambo haya. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefanywa gavana wa hapa mwaka 1887, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu hicho ni kati ya vya kwanza vya mtu kujisimulia katika lugha hii. Ningependa kurasa zake zinazohusu huku zisomwe hapa, kwa sauti, mbele ya wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza. Halafu watu waulize, wabishane, hata wakasirike. Mwandishi aliyekomaa haogopi hayo.

Jambo la mwisho ni la saa. Mkutano ukianza usiku upande huu wa Makiso, mtu wa Lubunga, ng'ambo ya mto, hatakuja, kwa sababu mtumbwi wa kurudi ni shida na giza lina hatari yake. Uanze saa tisa alasiri. Na mara ya pili waandishi ndio wapande mtumbwi, wakasome Lubunga.