Wimbo Nao ni Shahidi



Mara nyingi tunapoisikia taarabu ya zamani hutikisa vichwa kwa utamu wa sauti, tukasahau kuuliza: wimbo huu ulitungwa kwa kisa gani? Leo nataka tuulize swali hilo juu ya wimbo mmoja tu, nao ni "Kijiti" wa marehemu Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watu waliopata kuwa watumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, ilhali taarabu ya majumba ya wakubwa ilikuwa imezoea Kiarabu. Hamali na mpishi wakasikia mambo yao yakiimbwa kwa lugha yao.

Kisa cha "Kijiti" ni cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, tena mja mzito, alichukuliwa matembezini na mtu huyo, akanajisiwa na kuuawa. Muuaji akavuka bahari, akakimbilia Bara. Shauri lilipofika mbele ya hakimu wa kikoloni, waliotiwa hatiani ni wanawake waliotoa ushahidi, kwa ajili ya pombe iliyonywewa siku ile.

Sasa tazameni fumbo. Unajisi haukutajwa waziwazi. Umefunikwa kwa jina la mchezo wa watoto wa kukimbizana. Hakimu naye hakutukanwa. Imesimuliwa hasira yake tu, na msikilizaji akaachiwa ahukumu. Asiyejua kisa husikia hadithi ya huzuni. Mwenyeji alisikia mahakama yenyewe ikishtakiwa. Mnyonge hakuwa na kiti katika baraza la kutunga sheria. Baraza lake lilikuwa wimbo.

Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni. Sauti, basi, tumeirithi. Kinachopotea ni kisa, kwa sababu wanaokijua wanaondoka mmoja mmoja.

Ndugu walimu, msiridhike mwanafunzi akihesabu vina na mizani. Mtumeni kwa wazee akaulize. Nasi tulio maofisini tukumbuke kwamba jalada likifungwa, si lazima haki iwe imetendeka. Hakimu yule alidhani amemaliza kazi. Wananchi walikata rufani kwa wimbo, na rufani hiyo ingali inasikilizwa.